Mtoto wa Mgeni Asome Wapi?

Kila mkatekumeni hufundishwa amri ya nne, naye huikariri bila shida: watoto wawaheshimu baba na mama. Lakini si wote watambuao kwamba amri hiyo ina pande mbili. Kama vile mtoto alivyo na deni kwa wazazi wake, ndivyo wazazi nao walivyo na deni kwa mtoto: wamlishe, wamvike, wamlinde, tena wamfundishe yaliyo kweli na yaliyo mema. Deni hilo halifutwi na safari. Mzazi avukapo ziwa au mpaka huacha nyuma shamba, nyumba na makaburi ya wazee wake. Lakini deni lake kwa mtoto huvuka pamoja naye.

Watu wengi wa Kasongo na wa Kabambare waishi leo mbali na kwao. Wengine wako Kigoma na Ujiji kwa ajili ya biashara. Wengine wako Bujumbura. Wengine walikimbia vita, wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu nchini Tanzania, au Nakivale nchini Uganda. Tena wako waliofika hata Ulaya na Marekani. Siku za kwanza za ugeni hupita katika kutafuta chakula na mahali pa kulala. Kisha, mambo yakisha kutulia kidogo, huja swali ambalo kila baba na kila mama hulikuta mlangoni: mtoto asome wapi? Aingizwe katika shule ya wenyeji? Au katika shule ifuatayo masomo ya Kongo? Au arudishwe nyumbani, akae kwa ndugu na kusoma huko?

Kwa mtazamo wa kwanza swali hilo laonekana kuwa la fedha na la umbali wa njia. Kumbe ni swali la dhamiri, kwa maana ndani yake mna swali jingine lililo zito zaidi: je, mzazi achaguapo shule, huchagua kwa faida ya nani?

Kuishi ugenini si jambo jipya kwa watu wa Maniema. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Katika njia hiyo Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, alifanya biashara yake ya pembe na ya watumwa. Na kwa njia hiyo hiyo lugha ya Kiswahili iliingia Maniema. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Pili yaliutwaa mji wa Kasongo, na utawala ukabadilika. Lakini watu wengi wa Maniema walikuwa wamekwisha kuvuka kwenda mashariki: wengine kwa hiari yao, wengine kwa kubebeshwa mizigo, wengine kwa minyororo. Wazao wao wako mpaka leo Ujiji na Kigoma, na katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, nao huitwa Wamanyema. Bila shaka wako kati ya wale wa kwanza waliotumaini kurudi. Hawakurudi, na watoto wao wakawa watu wa mahali walipozaliwa.

Historia hiyo yafundisha jambo moja. Ugeni ambao baba auita wa muda mfupi, kwa mtoto ndio maisha yenyewe. Mtu mzima aweza kungoja miaka kumi, na mwisho wake akabaki mtu yule yule, ila mvi zimeongezeka. Lakini mtoto wa miaka sita angojapo miaka kumi, utoto wake umekwisha.

Mfano mmoja waweza kulidhihirisha jambo hili. Na afikiriwe baba wa Kabambare auzaye vitenge Ujiji, aishiye huko kwa kibali pamoja na mkewe na watoto wao. Binti yao mkubwa ana miaka kumi, naye yuko darasa la nne katika shule ya serikali. Mama ni mkatekumeni. Hajui kusoma, na kila jioni binti humsomea somo la katekisimu karibu na taa. Siku moja, baada ya chakula, baba asema:

“Mama watoto, nimefikiri sana. Mwaka huu binti arudi kwetu. Mdogo wangu yuko Kasongo, na nyumba yake si mbali na misioni. Huko atasoma Kifaransa, atapata diploma ya nchi yake, atajua kaburi la babu yake liko wapi. Mkataa kwao ni mtumwa.”

Mama ajibu: “Baba watoto, mimi sikatai kwetu. Lakini akishikwa na homa usiku, nani atamfunika? Na akifika kule, atakuwa mwanafunzi, au atakuwa mchota maji wa mama yake mdogo? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo; na aliye mbali halelewi kwa simu.”

Wote wawili wampenda binti yao, na wote wawili wasema kweli. Ndiyo sababu shauri lao lastahili kupimwa polepole, bila kumcheka yeyote.

Hoja za baba zina uzito. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma; na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza neno hilo nchini kote. Tena katika Kongo shule nyingi za umma husimamiwa na makanisa. Mwaka 1974 serikali ilizitwaa shule zote mikononi mwa makanisa. Lakini mwaka 1977 ilifanya nayo mapatano, na usimamizi ukarudishwa, ingawa walimu hulipwa na serikali. Waislamu nao, walio wengi Kasongo, wana shule zao chini ya mapatano ya namna hiyo. Basi baba hasemi maneno ya ndoto tu. Shule ziko, na mtoto asomaye kwao hukua kati ya watu wanaolijua jina la ukoo wake.

Lakini hoja za mama nazo si nyepesi. Kutoka Kigoma mpaka Kasongo ni kuvuka ziwa hadi Baraka au Kalemie, kisha kufuata barabara ndefu za udongo ambazo mvua huzikata, katika nchi ambamo vikundi vyenye silaha vimewafukuza watu vijijini mwao mara nyingi. Tena shule kuwa ya bure hakumaanishi kwamba mtoto hali, havai, wala hahitaji madaftari. Atakaa katika nyumba yenye watoto wengine, na chakula kipungukapo, mara nyingi mtoto wa mbali ndiye hutumwa kwanza na kuhudumiwa mwisho. Hilo hutokea hata kwa ndugu wema. Si kwa ukatili, bali kwa sababu ya uchache wa vitu na wingi wa vinywa.

Kuna tena neno la lugha, ambalo wazazi wengi hulifikiri wakiwa wamekwisha kuchelewa. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto afikapo sekondari, hufundishwa kwa Kiingereza. Katika Kongo, sheria ya mwaka 2014 yazikubali lugha za taifa, na Kiswahili ni mojawapo ya hizo nne; lakini kadiri mtoto apandavyo madarasa, Kifaransa ndicho hutawala, na mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari hufanywa kwa Kifaransa. Basi mtoto ahamaye kutoka Ujiji kwenda Kasongo akiwa na miaka kumi na miwili aweza kukuta jambo la kusikitisha: hesabu azijua, lakini swali limeandikwa kwa lugha asiyoisoma. Atawekwa pamoja na watoto wadogo, naye ataona aibu. Wengine wakiona aibu hiyo hujitahidi. Wengine huacha shule. Vivyo hivyo mtoto atokaye Kasongo na kuingizwa ghafula katika sekondari ya Kiingereza. Mara nyingi watu husema kwamba mtoto huyo hana akili. Akili anayo, ila amebadilishiwa lugha njiani.

Sasa yafaa kuuliza: nani mwenye haki ya kuamua? Katika jambo hili mafundisho ya Kanisa na sheria za mataifa hupatana. Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, lililotolewa mwaka 1948, katika kifungu cha 26 lawapa wazazi haki ya kwanza ya kuchagua elimu watakayopewa watoto wao. Mtaguso Mkuu wa pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu. Katiba ya Kongo nayo yawatambulia wazazi haki ya kuchagua. Wazee wa Maniema walioishi chini ya utawala wa Wabelgiji wajua thamani ya haki hiyo. Wakati huo wenye amri ndio walioamua mtoto wa Kongo asome mpaka wapi. Hata nchi ilipopata uhuru mwaka 1960, wenyeji waliokuwa wamemaliza chuo kikuu hawakufika thelathini.

Lakini haki ya mzazi si kama haki ya mtu juu ya mbuzi wake. Mwenye mbuzi aweza kumuuza, kumchinja au kumfunga apendapo, kwa kuwa mbuzi yupo kwa faida yake. Mtoto si mali. Mtoto ni amana. Aliyewekewa amana ana haki ya kuishika na kuilinda na watu wengine. Lakini hana haki ya kuitumia kwa haja zake mwenyewe. Kwa hiyo mzazi ana haki ya kuchagua shule kwa sababu moja tu: yeye ndiye aliye karibu zaidi na mtoto, naye ndiye atazamiwaye kumtakia mema kuliko wote. Achaguapo kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe, hutumia haki hiyo nje ya kazi yake.

Na ugenini, mzazi hushawishiwa kujichagulia nafsi yake kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni hamu ya nyumbani. Mzazi mwenye hamu hutaka mtoto awe kamba ya kumfunga na nchi aliyoiacha. Tena huahirisha: “Mwaka ujao tutarudi, kwa nini aanze shule ya huku?” Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo, mwaka 2014 alikuwa mtu mzima wa miaka kumi na minane. Katika kambi hiyo shule za Wakongomani hufuata masomo ya Kongo kwa Kifaransa, na jambo hilo lina sababu njema: mtoto arudipo kwao aweze kuendelea bila kuanza upya. Nchini Uganda mambo ni tofauti. Huko watoto wa wakimbizi husoma masomo ya Uganda pamoja na wenyeji, kwa Kiingereza, na hiyo nayo ina sababu njema: wakikaa, waweze kuishi na kufanya kazi kati ya watu. Mtoto wa Nyarugusu hufunguliwa mlango wa kwao, na mlango wa nchi aishimo hubaki mzito kwake. Mtoto wa Nakivale hupata kinyume chake. Hakuna njia kati ya hizo isiyo na hasara. Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la mzazi asiyechagua yoyote, amwachaye mtoto akicheza uani akingoja siku ya kurudi ambayo hakuna aijuaye.

Njia ya pili ni majivuno. Mzazi huona shule yenye basi, yenye viatu vyeusi na sweta lenye nembo, ambamo watoto husema lugha ya kigeni tangu asubuhi, naye hukopa ili mtoto wake aonekane akipanda basi hilo. Kujifunza lugha ya kigeni ni jema. Lakini mtoto aona haraka kile ambacho baba yake akijivunia na kile ambacho baba yake akionea haya. Akiona kwamba baba hufurahi asikiapo Kiingereza na hunyamaza asikiapo lugha ya bibi yake, atajifunza somo ambalo halimo katika kitabu chochote: kwamba bibi yake ni mtu duni. Mtoto wa namna hiyo hawezi kulaumiwa, kwa maana alifundishwa nyumbani.

Tena katika nchi za mbali hutokea jambo la ajabu. Maelfu ya Wakongomani wa Nyarugusu wamehamishiwa Marekani. Huko mtoto huishika lugha ya wenyeji upesi, na baba huishika polepole. Basi mtoto ndiye huenda na baba yake kwa mganga na ofisini, humfasiria maneno, husoma barua zake, hata barua itokayo kwa mwalimu juu ya makosa yake mwenyewe. Baba aliyedhani kwamba shule njema itafanya kazi yote hujikuta akiongozwa na mtoto wa miaka kumi na miwili. Dawa yake si kumwondoa mtoto shuleni. Dawa yake ni baba mwenyewe kukubali kujifunza, hata kama ni maneno matatu kila siku, ili asiwe mgeni katika nyumba yake.

Njia ya tatu ni kutaka kuutua mzigo. Mzazi hulipa, humkabidhi mtoto kwa walimu au kwa ndugu, kisha husema: “Nimemaliza.” Lakini hakuna shule iliyo njema kiasi cha kumwondolea mzazi kazi yake. Maandiko Matakatifu yasimulia habari za Musa. Alilelewa katika nyumba ya Farao, akajifunza mambo ambayo baba zake hawakuyajua, na elimu hiyo ya kigeni haikumharibu. Kwa nini? Kabla ya kupelekwa huko alinyonyeshwa na mama yake mwenyewe. Naye alipokuwa mtu mzima, alijua watu waliokuwa wakipigwa kazini ni ndugu zake. Shule ya ugenini na nyumba ya mama si adui. Mtoto hupotea pale ambapo shule ipo na nyumba haipo.

Basi shule njema yatambulikanaje? Mzazi asiyejua kusoma asidhani kwamba hawezi kuipima shule. Mambo matano yako katika uwezo wake.

Kwanza, afike shuleni asubuhi bila kuitwa, asimame kando. Kengele ikisha kulia, je, walimu wako madarasani? Shule yenye nyumba nzuri na isiyo na mwalimu ni ghala tupu.

Pili, aombe kuliona daftari la mtoto. Hata asiyejua herufi hutambua wino mwekundu. Daftari ambalo halina alama ya mwalimu tangu mwanzo wa muhula laonyesha kwamba mtoto huandika na hakuna amwangaliaye.

Tatu, ampe mtoto kitabu ambacho hajakiona bado, amwambie asome mbele ya jirani ajuaye kusoma. Watoto wengine huujua ukurasa kwa kichwa, nao husoma vizuri hata kitabu kikiwa kimefumbwa. Mtoto aliyekaa shuleni miaka mitatu na hawezi kusoma ukurasa mpya kwa lugha anayoisema, shule hiyo haikumfundisha bado.

Nne, achunguze usalama, na hasa wa msichana. Njia ni ndefu kiasi gani, nani huwa njiani? Vyoo viko, tena vya wasichana peke yao? Watoto hupigwa namna gani? Kuna mwalimu awaitaye wasichana nyumbani kwake? Hakuna diploma iliyo na thamani ya kulipia aibu na maumivu ya mtoto.

Tano, aulize mapema cheti cha shule hiyo hukubaliwa wapi, na masomo yajayo yatakuwa kwa lugha gani. Hilo aliulize kabla ya kumwingiza mtoto, si siku ya mtihani wa mwisho.

Msomaji wa kambini aweza kusema: “Maneno haya ni ya watu wenye kuchagua. Mimi sina ruhusa ya kutoka nje ya kambi. Shule ni ile ile moja, na watoto ni wengi kuliko madawati.” Asema kweli. Mapatano ya mataifa juu ya wakimbizi, ya mwaka 1951, yasema katika kifungu cha 22 kwamba wakimbizi wapewe elimu ya msingi sawasawa na wenyeji. Lakini neno lililoandikwa na dawati lililopo si kitu kimoja. Mungu hamdai mtu kilicho nje ya uwezo wake. Asiyeweza kuichagua shule aweza bado kuingia katika kamati ya wazazi, kufahamiana na mwalimu, kumzuia mtoto asitumwe kuni saa za masomo, na kumsikiliza asomapo jioni. Mambo hayo hayahitaji kibali. Tena mara nyingi ndiyo yamtofautishayo mtoto aliyejifunza na mtoto aliyekaa tu darasani.

Yafaa sasa kuwarudia wale wazazi wa Ujiji. Walipokuwa hawajapatana, baba alikwenda kwa mzee mmoja wa Kimanyema, jirani yao. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

“Mwanangu, babu wa baba yangu alivuka ziwa hili akisema atarudi. Watoto wake nao wakasema vivyo hivyo. Baba yangu hakupelekwa shuleni, kwa kuwa nyumbani waliambiana: tutarudi kwetu, asome nini cha huku? Hatukurudi. Baba yangu alikufa akitia kidole gumba kwenye karatasi za watu wengine, bila kujua zasema nini. Sikuambii mwache binti hapa, wala sikuambii mrudishe. Nakuambia usiihesabu miaka yake kwa kalenda yako. Tena, umemwuliza mwenyewe?”

“Bado, mzee,” baba akajibu. Naye akaona haya.

Jioni ile binti aliulizwa. Akakaa kimya kwanza, kwa kuwa watoto wenye adabu huogopa kupima maneno ya baba yao. Mwisho akasema: “Baba, nataka kujua Kifaransa, nimwandikie babu mdogo. Lakini nikienda, nani atamsomea mama?”

Mtoto wa miaka kumi hawezi kuachiwa uamuzi. Hajui barabara, hajui fedha, hajui miaka ijayo. Lakini mzazi asiyemsikiliza huamua juu ya mtu asiyemjua. Kwa jibu lile baba alitambua jambo ambalo hakuwa ameliona: binti yake alikuwa tayari ameshika kazi katika nyumba ile, na mama yake alikuwa akijiandaa kwa Ubatizo kwa macho ya mtoto.

Wazazi wakakata shauri. Binti amalize shule ya msingi palepale Ujiji. Fedha ya safari iwekwe. Kila Jumamosi aende kwa Mkongomani mmoja aliyekuwa mwalimu kwao, ajifunze Kifaransa saa mbili, na baba amlipe. Njia ikiwa ya amani, baba ampeleke mwenyewe Kasongo wakati wa likizo, awaone ndugu zake na kaburi la babu yake. Kisha, kabla ya sekondari, shauri lipimwe upya, na binti awepo.

Shauri hilo halikuwa bila hasara. Mdogo wake baba, aliyekwisha kutayarisha kitanda, alihuzunika. Na baba alijua kwamba huenda binti yake asipate kamwe diploma ya Kongo; huenda akawa mtu wa Ujiji, kama walivyokuwa wajukuu wa misafara. Alikubali maumivu hayo yawe yake, kuliko kumbebesha mtoto. Wazazi wengine, walio na ndugu mwaminifu na njia salama, huenda kwa haki kabisa wakaamua kinyume chake, na dhamiri yao ikawa safi. Shule njema si lazima iwe ile ile kwa kila mtoto.

Lakini kila mzazi aliye ugenini, awe Ujiji, Nyarugusu au ng’ambo ya bahari, kabla ya kumwandikisha mtoto na ajiulize maswali haya matatu kwa unyofu. Je, shule hii naichagua kwa sababu mtoto atajifunza humo, au kwa sababu itatuliza hamu yangu, au itanipa sifa? Je, mambo ambayo shule hii haitamfundisha, yaani lugha ya wazee, sala, heshima, na habari za alikotoka, nani atamfundisha, na saa ngapi? Na jioni ya leo, mtoto afunguapo daftari lake, nitakuwa nimeketi wapi?